Kurekodi albamu ya jazi huru Mwanza kwa maiki nne

Katika jazi huru, yaani jazi ya kubuni bila mpangilio uliokubaliwa mapema, wapigaji hujibizana papo kwa papo. Ukimrekodi mpiga saksofoni leo na mpiga ngoma kesho, hakuna aliyemjibu mwenzake. Basi wapige pamoja, chumba kimoja, na ukubali kwamba saksofoni itasikika hadi kwenye maiki ya besi. Kazi yako ni kupanga ivuje vizuri.

Tafuta chumba chenye dari. Mvua ikigonga bati tupu, siku imeharibika. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti kali, kwa hiyo tandika mkeka, tundika mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazopakana, egemeza godoro nyuma ya ngoma. Karibu na gati la Kamanga, honi ya feri itaingia tu. Ikiangukia mahali pazuri, iache.

Maiki ya saksofoni ndiyo wengi hukosea: huielekeza ndani ya mdomo mpana wa saksofoni. Noti za chini kabisa ndizo hutokea huko. Nyingine hutoka kwenye matundu yaliyo wazi mwilini. Matokeo yake noti za chini zinanguruma, za kati zinafifia. Weka maiki sentimita 40 hadi 60 mbele, ukiielekeza juu kidogo ya mdomo huo, usawa wa vidole. Bandika utepe sakafuni anaposimama mpigaji, maana akishapandwa na mori atahama.

Maiki mbili juu ya ngoma, moja kwenye besi. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na chombo chake, la sivyo sauti zinakatana na besi inakonda.

Mwombe mpiga saksofoni apulize kwa nguvu zote, mlio wa kupasuka kabisa, ndipo upime: kilele kiishie desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, rekodi ya biti 24 (kiwango cha undani wa sauti). Ukipima kwa upigaji wa kawaida, kilele cha albamu kitakwaruza, na hakirekebishiki.

Joto la mchana hupandisha sauti ya saksofoni. Aipige dakika 10 kwanza, kisha avute nje kidogo kipande cha saksofoni kinachowekwa mdomoni hadi ilingane na besi.

Ornette Coleman, mpiga saksofoni Mmarekani wa jazi huru, mwaka 1960 alipanga kwarteti mbili (vikundi vya watu wanne wanne), moja spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Kwa watu wanne au watatu, acha saksofoni katikati, ngoma zienee pande zote.