Kufufua ardhi iliyochimbwa kwa taka za kiwandani: usikosee nilipokosea mimi

Haya wadau, hili nimeulizwa mno inbox bora niliweke hapa. Niko Malindi, nyuma ya shamba letu kuna timbo la mawe lililoachwa, na mwaka wa kwanza wote niliupoteza kwa ujinga: nilimwaga toroli kwa toroli za ule unga mweupe wa mashine ya kukata mawe, ambao ni chokaa tupu, nikidhani narutubisha, miche ikageuka njano ikafa yote.

1. Pima kwanza. Okota kijiwe kikamulie ndimu. Kikitoa povu hiyo ni chokaa tayari, usiongeze nyingine. Kisipotoa, na maji ya shimoni ni mekundu kama kutu, hapo kuna asidi, mawe ya salfa yamekutana na hewa na maji, na asidi ndo inayeyusha madini ya risasi na zinki zinaingia visimani.

2. Penye asidi, ule unga wangu ndo dawa. Hesabu: kila asilimia 1 ya salfa inataka kama tani 31 za chokaa kwa tani 1,000 za kifusi. Uchimbie ndani, ukitandaza juu tu umecheza.

3. Timbo letu la matumbawe linataka chakula: makumbi ya nazi yaliyooza, mbolea ya kuku, kisha mvinje. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, walianza kufufua matimbo yao 1971, mtaalamu wao Haller akajaribu miti aina 26 zikapona 3 tu, mvinje mmojawapo, halafu jongoo wakaletwa wakatafuna yale majani makavu yakawa udongo.

MASWALI

Mwanamvita: Mwalimu, slagi, yale mabaki ya kuyeyusha chuma kiwandani, je?
– Inafaa dada, ina kalisi nyingi, ila ipeleke maabara kwanza wasome kromiamu, metali yenye sumu. Na kama shimo lina aseniki, sumu nyingine, usikimbilie chokaa wala slagi, aseniki hulegea uchachu ukiisha.

Baharia_Lamu: Majivu ya makaa ya mawe yanasifiwa sana, kumbe tulikosea kupinga kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu?
– Hahaa bro, leseni ilifutwa 2019 na mimi nilifurahi. Majivu yenyewe yana metali zake, anayetumia ni yule ambaye tayari anayo na hana pa kuyatupa.

Kadzo: Naweza kupanda mchicha mwaka huu?
– Kwenye timbo la mawe tu, sawa. Palipochimbwa risasi usithubutu, chokaa inaifunga risasi, haiiondoi. Panda miti, na mbuzi wasiingie.