Namna ya Kuzuru Ufuo wa Mbali Wenye Magenge na Upepo Mkali

Ufuo wa mbali uliozingirwa na magenge, yaani kuta ndefu za mwamba, hauna mlinzi wa waogeleaji wala kibanda cha kujikinga, mara nyingi hauna mtandao wa simu, na njia uliyoingilia inaweza kufunikwa na maji ungali umekaa ukila. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kulipanga si saa ya kuondoka nyumbani bali ni saa ya maji. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la mahali hasa unapokwenda, uliandike kwenye karatasi, kisha ratiba nzima ya siku uifuatishe hilo.

Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, na mtu aliyepita salama jana saa nane mchana hana haki ya kudhani kwamba kesho kutwa atapita saa iyo hiyo. Aidha, angalia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua: maji hupwa mbali na kufunua mapango na njia za mchanga zisizoonekana siku za maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, lakini hujaa juu zaidi na hurudi kwa nguvu. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kimo chote cha kujaa katika sehemu 12, kwa makadirio saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Kwa maneno mengine, mahali ambapo maji hupanda mita 4, mita 2 kati ya hizo huingia katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa saa ya kwanza iliwapa picha ya bahari isiyo na haraka.

Jedwali nalo lina mipaka yake. Hakikisha limeandikwa kwa saa zinazotumika nchini humo, kwani baadhi ya majedwali hayahesabu saa moja inayoongezwa majira ya joto, na kosa la saa moja linatosha kukufungia njia. Vilevile jedwali halijui hali ya hewa: kila kanieneo ya hewa inaposhuka kwa hektopaskali 1, usawa wa bahari hupanda kwa takriban sentimita 1, na upepo unaovuma kutoka baharini husukuma maji juu zaidi ya hapo. Juu ya mchanga wenye mteremko mdogo, sentimita 30 za ziada hula mita nyingi za ufuo.

Kanuni ninayoifuata ni kufika saa 2 kabla ya maji kupwa kabisa na kuanza kurudi mara yanapogeuka. Kabla ya kuzunguka rasi yoyote, simama utazame unakotoka na unakokwenda, ujiulize utapandia wapi iwapo maji yatakuwahi. Kama hakuna njia ya kupanda, usipite. Ukifika mahali pa kupumzika, chagua jiwe moja lililo karibu na maji liwe alama yako.

Kisha yaje mawimbi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari inayodharauliwa kuliko zote. Mawimbi makubwa hutokana na dhoruba zilizo mbali, pengine maelfu ya kilomita, kwa hiyo huweza kufika chini ya anga jeupe lisilo na dalili yoyote. Na kwa kuwa husafiri kwa makundi, dakika nyingi za utulivu hufuatwa na wimbi linalopanda ufuo mbali kuliko yote yaliyotangulia. Mfano unaojulikana ni Reynisfjara, kusini mwa Aisilandi, ufuo wa mchanga mweusi wenye nguzo za basalti na miamba iliyosimama baharini, ambako wageni kadhaa wamepoteza maisha baada ya kukokotwa na wimbi. Mahali sakafu ya bahari inaposhuka ghafla karibu na nchi kavu, wimbi halipati nafasi ya kupunguza nguvu kabla ya kufika miguuni mwako. Basi simama juu kwanza, utazame bahari kwa robo saa au zaidi, uone mchanga uliolowa unaishia wapi, na usishuke chini ya mstari huo. Usiipe bahari mgongo, hata kwa picha moja. Mtoto ashikwe mkono muda wote.

Kuogelea sikushauri. Mahali mawimbi yanapovunjika kwa nguvu, maji yaliyorundikana ufuoni hutafuta njia ya kurudi, na mkondo huo umewahi kupimwa ukienda zaidi ya mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna mwogeleaji wa kawaida anayeishinda. Aliyechukuliwa asipambane nao kuelekea nchi kavu. Aelee, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mkondo. Katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mshtuko wa baridi humfanya mtu ahemeke bila hiari yake, na dakika ya kwanza anachopaswa kufanya ni kulala chali tu hadi pumzi itulie.

Kuhusu magenge, usikae chini yake wala usisimame ukingoni. Mvua na barafu hulegeza mawe, nayo bahari huchimba chini hadi ukingo unaoonekana imara ukawa umebaki bila msingi. Ukiona mawe mapya yasiyo na mwani wala kuvu chini ya genge, jua kwamba linaendelea kubomoka.

Upepo nao una hesabu yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayokusukuma huwa mara nne. Ukifikia kilomita 62 kwa saa, yaani daraja la 8 katika kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort, kutembea kwenyewe ni kazi, na njia za juu ya magenge ziachwe kabisa. Hewa ya nyuzi 5 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa mwilini kama chini ya sifuri, hivyo vaa koti lisilopitisha upepo juu ya nguo za joto, na kofia inayofungwa kidevuni. Mchanga unaopeperushwa husafiri zaidi karibu na ardhi, kwa hiyo mkoba na kamera visiwekwe chini, na lenzi zisibadilishwe ufuoni.

Mwachie mtu ujumbe wa unakokwenda na saa utakayorudi, kwa kuwa fuo za namna hii huhitaji safari ya miguu: kuufikia ufuo wa Sandwood, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, ni zaidi ya kilomita 6 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Majira ya kuzaliana, buabua na ndege wengine wa pwani hutaga mchangani au kwenye kokoto bila kiota cha kuonekana, hivyo angalia unapokanyaga. Na mtoto wa sili aliyelala peke yake aachwe, kwani mara nyingi mama yake yuko majini karibu.

Hayo yakishatimizwa, kaa demani, upande wa tuta la mchanga uliokingwa dhidi ya upepo, bila kukanyaga majani yanayolishikilia, na utazame kazi ya bahari. Pango lililotobolewa pande zote mbili za rasi huwa tao, na tao likianguka hubaki nguzo. Huko Wharariki, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, hatua hizo zinaonekana kwa macho katika visiwa vyenye matao. Jua la asubuhi au jioni, likipiga kwa upande, huonyesha kila tabaka la mwamba. Maji yakianza kuligusa jiwe lako, funga mkoba na uanze kurudi.