Picha ya kusafisha: jua imetoka wapi kabla hujawasha printa

Mteja anaingia steshenari pale Mwanga, Kigoma, simu mkononi. Anataka picha ya marehemu, saizi ya A4, iingie kwenye fremu kabla msafara haujaondoka kwenda Kasulu. Kwenye simu picha iko safi. Ikitoka kwenye printa, ndevu zimekuwa tope na ukosi wa shati umejaa vimiraba. Printa haina kosa. Kioo cha simu kina upana wa sentimita saba hivi, na picha mbovu hujificha humo bila shida.

Kwa kazi hii weka IrfanView, programu ya kutazama picha, kwenye kompyuta. Ni nyepesi, haisumbui hata mashine ya zamani. Nyumbani ni bure, ila kwa matumizi ya biashara leseni inalipiwa.

Hatua ya 1: Soma jina la faili

IMG-20250614-WA0012.jpg imepita WhatsApp. Hizo WA ndizo alama yake. Jina lenye neno Screenshot halihitaji maelezo. Tarakimu nyingi zinazoishia na _n ni za Facebook au Instagram. DSC_0347 au IMG_4471 kwa kawaida zimetoka moja kwa moja kwenye kamera au iPhone, na hizo ndizo unazozitaka. Ukiona "images (4).jpg" yenye kilobaiti 8, mtu amehifadhi kijipicha cha matokeo ya Google bila kufungua tovuti yenyewe. Mara nyingi kina pikseli (nukta zinazounda picha) 275 kwa 183, hakitoshi hata stika ya bodaboda.

Kwa wanaotengeneza kalenda zenye MV Liemba au stesheni ya reli ya Kigoma: kule Wikimedia Commons, ghala la picha la mtandaoni, jina likianza na "800px-" umechukua nakala iliyopunguzwa. Rudi ukabofye faili halisi, na usome leseni, maana nyingi zinataka jina la mpiga picha liandikwe.

Hatua ya 2: Hesabu pikseli

Bofya kulia, fungua Properties, kisha Details. Inchi moja ya karatasi inataka pikseli 300. Kwa hiyo paspoti ya milimita 35 kwa 45 ni 413 kwa 531, picha ya inchi 4 kwa 6 ni 1200 kwa 1800, A4 ni 2480 kwa 3508. Picha ya kutundika ukutani inavumilia 150 kwa inchi, yaani 1240 kwa 1754 kwa A4. Chini ya hapo mwambie mteja mapema. Bango la mita 1 kwa 2 linatazamwa kwa mbali, 72 zinatosha: 2835 kwa 5669.

Namba ya dpi (nukta kwa inchi) iliyoandikwa ndani ya faili ipuuze. Kuibadilisha kutoka 72 kwenda 300 bila kuongeza pikseli hakubadilishi chochote kwenye picha.

Hatua ya 3: Rudi kwenye chanzo

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, na mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli 1600 hivi. Picha nzima ya mtu mmoja yenye kipimo hicho, kwenye A4 inapata kama 137 kwa inchi. Inaponea chupuchupu. Balaa ni pale ndugu wanapotaka ukate kichwa kimoja kutoka kwenye picha ya kundi la harusi. Uso ule huenda una pikseli 150 kwa upana, na hakuna programu ya kuuzidisha ikakupa macho yale yale ya marehemu. Programu za kunoesha kwa akili mnemba hubuni sura. Mama yake ataiona tofauti kabla yako. Kwa picha ya msiba mimi sizitumii kabisa.

Dawa ni kutumiwa kama dokumenti. Mwenye picha abonyeze alama ya kiambatisho, achague Document badala ya Gallery, kisha atafute picha yenyewe. Kitufe cha HD kinasaidia lakini bado kinabana, usikubali kikuuzie matumaini.

Sasa mitego. Picha iliyokwisha kubanwa ikitumwa kama dokumenti inabaki ilivyobanwa, kwa hiyo usimwombe aliyeipokea, mwombe *aliyeipiga*. Picha iliyopandishwa status, ikapigwa skrinshoti, ikatumwa tena, imebanwa kila kituo. iPhone iliyowekwa kuokoa nafasi huacha nakala ndogo kwenye simu, na picha kamili iko iCloud; mtu aifungue na kusubiri ishuke kabla ya kutuma. Na aliyeko Kalya au Buhingu mwenye mtandao wa kusuasua atakwambia dokumenti ya megabaiti 5 haiendi. Ajaribu usiku, au ampe mtu wa boti memori kadi. Simu ikiwa mkononi mwako, achana na mtandao kabisa: waya wa USB au programu ya Xender, na picha inafika nzima.

Ukitaka uhakika, angalia tena Details. Faili la asili huwa na aina ya kamera na tarehe ya kupigwa. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza maelezo hayo, sehemu ile iko tupu.

Hatua ya 4: Tambua aina ya faili

JPEG inatosha kwa picha za watu. Nembo idai katika PDF au CDR (faili la CorelDRAW) ya aliyeichora. Ikikosekana, PNG kubwa. PNG ikitumwa WhatsApp kama picha hugeuzwa JPEG, na uwazi wa nyuma hupotea. Jihadhari pia na "PNG" za mtandaoni ambazo vile vimiraba vya kijivu na vyeupe ni sehemu ya picha: zitachapwa kwenye fulana vilevile.

HEIC ya iPhone ikigoma kufunguka, programu ya GIMP, toleo la 2.10.2 na kuendelea, huifungua.

Faili likikataa huku jina linasema .jpg, huenda mtu amebadilisha jina tu. IrfanView hugundua na kukuuliza kama ulirekebishe. Bila IrfanView, lifungue na Notepad utazame mwanzo wake: PNG ina neno PNG, WebP inaanza RIFF na mbele kidogo WEBP, PDF inaanza %PDF, HEIC ina ftypheic. Funga bila kuhifadhi, la sivyo umeliharibu.

Hatua ya 5: Kama iko kwenye karatasi tu

Tumia skana, usipige kwa simu, maana taa ya dukani hung'aa juu ya karatasi. Paspoti ndogo inayokwenda A4 iskani kwa dpi 1200: utapata pikseli 1654 kwa 2126. Kwa 300 utapata 413 kwa 531 tu. Futa kioo kwanza. Picha iliyochapwa gazetini au kwenye kalenda ina vidoti, washa "descreen".

Hatua ya 6: Hifadhi

Nakala ya kazi iwe TIFF au PNG. JPEG ya ubora wa 95 itoe mara moja, mwishoni. Ya asili usiiguse. Kama kazi inakwenda kwenye mashine ya CMYK (inayochapa kwa wino wa rangi nne), toa kwanza kipande kidogo cha majaribio: bluu kali ya Ziwa Tanganyika unayoiona kwenye kioo hupoa ikifika kwenye wino, na mteja anapaswa kuiona kabla hajalipia bango zima.