Stadi ya ekzosi imekatikia ndani: namna ninavyoitoa

Pikipiki za Mombasa huliwa na chumvi kabla hazijaliwa na barabara. Mtu wa bodaboda anavuka Likoni mara kadhaa kwa siku, upepo wa bahari unampiga, jioni anaiosha kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Tena anaimwagia ekzosi ikiwa bado moto! Stadi, yaani bolti isiyo na kichwa ambayo nati ya ekzosi hufungwa juu yake, ni chuma; silinda hedi, kichwa cha injini inamozama, ni aluminiamu. Maji ya chumvi yakiingia katikati yao, aluminiamu huoza na kutoa unga mweupe unaojaa kwenye hesi, ile michirizo ya kuzungushia nati, na kuzikaba. Ongeza moto wa ekzosi wa kila siku, na baada ya muda nati haina habari na spana.

Kibandani kwangu Kisauni kazi hii haikauki. Nyingi ya zinazoletwa ni zile ambazo mtu ameshazikata mwenyewe, ndiyo maana naanza na stadi iliyo nzima bado.

Kabla ya kugusa spana

Toa tangi la petroli uliweke mbali, kwa sababu huenda ukatumia moto. Injini iwe imepoa. Sugua hesi zinazochomoza kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, maana nati ikilazimishwa kupita juu ya kutu, hapo ndipo stadi inapokatika.

Halafu mafuta ya kupenya. Ya kopo la dukani yanafaa. Mimi huchanganya nusu kwa nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, na natikisa kila ninapotumia kwa sababu hujitenga. Tia matone, gonga ncha ya stadi taratibu kwa nyundo ndogo mara ishirini hivi, tia tena. Iache ilale. Najua dereva atakwambia ana pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Mwache alalamike, silinda hedi mpya itamla zaidi.

Nati ikiwa bado ipo

Pikipiki ndogo, zile za cc 100 hadi 150, mara nyingi zina stadi za M6 (unene wa milimita 6) na nati ya spana namba 10. Kubwa kidogo huwa na M8, na nati yake ni namba 12 au 13. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili huviringisha nati iliyokwisha liwa na kutu.

Anza kwa kukaza kidogo sana, kiasi cha kuvunja kutu tu. Kisha fungua robo mzunguko, rudisha, tia mafuta, fungua tena. Sikiliza kwa mkono. Nati inayofunguka hulia au hukwaruza. Ile inayogeuka kilaini bila sauti, kama unanyonga kipande cha mpira, haifunguki: stadi inajipinda na imebakisha kidogo ikatike. Simama hapo hapo.

Ukisimama, una njia mbili. Ya kwanza ni kuipasua nati kwa msumeno mwembamba au tindo. Nati ni ya shilingi chache, umepoteza nini? Ya pili ni moto. Piga tochi ya gesi kwenye aluminiamu inayoizunguka stadi, si kwenye stadi yenyewe. Kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko kilichomo. Usisubiri kuona wekundu: aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma, inakaa vile vile mpaka inaporomoka. Dondosha tone la maji kando ya stadi. Likichemka na kurukaruka, joto linatosha. Gusisha mshumaa kwenye mzizi wa stadi, nta iyeyuke na kunywewa na hesi, kisha jaribu tena. Kama ulitia asetoni, hakikisha imekauka kabisa kabla hujawasha chochote.

Imekatika, lakini kipande kimechomoza

Ikiwa hesi zilizobaki ni nzima, funga nati mbili, zibane moja dhidi ya nyingine, kisha fungua kwa spana ukishika ile ya ndani. Kwenye stadi zetu hizi zilizoliwa njia hiyo hukubali mara chache. Unaweza pia kuchonga bapa mbili kwa tupa na kushika kwa vaisi-gripu, koleo linalojibana lenyewe, ila ikiteleza mara moja, acha, usiitafune.

Ninayoiamini ni kuchomelea nati. Chukua nati kubwa kuliko stadi, M8 juu ya stadi ya M6, ili upate nafasi ya kuingiza elektrodi katikati. Kwanza chomoa betri, na kama pikipiki ni ya injekta chomoa pia kompyuta yake. Klampu ya ati, yaani ya waya wa kurudishia umeme, iwe kwenye silinda hedi yenyewe, karibu na kazi, umeme usipitie kwenye bearingi za injini. Anza kuchomea kutoka katikati ya stadi ukijaza nati kwenda juu. Usihofu matone ya chuma yakigusa aluminiamu, hayashiki.

Kisha ngoja. Vijana wengi huikosa hapa: wanashika spana chuma kikiwa chekundu, nati inang'oka, wanasema njia haifai. Wekundu uishe kabisa, gusisha nta, halafu nenda na kurudi, kukaza na kulegeza, kidogo kidogo. Moto ule umeitanua stadi na kuisinyaza, na unga mweupe umepasuka. Nati ya kwanza ikikatika, chomea ya pili. Niliwahi kuchomea tano kwenye stadi moja, ya tano ikatoka nayo.

Imekatikia ndani

Neno kuhusu izi-auti, kile kichuma cha hesi za kinyume unachokipigilia kwenye tundu ulilotoboa. Zamani, nikiwa kijana kazini, niliikatia ndani ya stadi ya M6. Ni chuma kigumu mno, keekee ya kawaida haikigusi. Stadi iliyogoma kuzunguka ikiwa na nati nzima haitazungushwa na kijiti chembamba hivyo, na kila ukikipigilia kinazidi kuitanua stadi ikabane zaidi. Kwenye stadi ya ekzosi siitumii tena.

Toboa. Kwanza zungusha injini mpaka vali ya ekzosi ifunge, na uzibe mlango wa moshi kwa kitambaa, vumbi la chuma lisiteremke ndani. Lainisha uso wa stadi kwa tupa uwe bapa, kisha piga alama ya ponchi katikati hasa. Ukikosea hapa nusu milimita, keekee itaikimbia stadi na kuingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini zaidi.

Ili nisikosee, nina flanji kuukuu ya ekzosi, lile bamba lenye matundu ya stadi. Fundi wa kukereza alinitengenezea kijibomba cha chuma kinachokaa sawasawa kwenye tundu lake, chenye tundu la milimita 3 ndani. Naifunga flanji kwenye stadi iliyo nzima upande wa pili, na kijibomba kinanishikia keekee isicheze.

Anza na milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta kila wakati. Ukipata biti za mzunguko wa kushoto, zitumie. Mara nyingi stadi hujitoa yenyewe katikati ya kazi, kwa moto na mtikisiko. Ikibaki, panda hadi milimita 4, kisha 5 kwa M6. Kwa M8 mwisho ni 6.8. Ukiwa katikati sawasawa, kitakachobaki ni kigamba chembamba chenye hesi. Kikunje kwa tindo ndogo na ukivute kwa koleo kama waya.

Hesi zikiwa nzima, na zikiwa zimekufa

Pitisha tapu, kifaa cha kukatia hesi, M6 kwa 1.0 au M8 kwa 1.25 (umbali wa hesi kwa milimita), kwa mkono, ukirudi nyuma kila nusu mzunguko. Hesi zikiwa zimeliwa, usijaze gundi ya chuma. Weka helikoili, koili ya waya inayokuwa hesi mpya: kwa M6 panua tundu hadi milimita 6.3, piga tapu yake maalumu, ingiza koili ishuke chini kidogo ya uso, vunja ulimi wake na uutoe.

Kurudisha

Stadi mpya, gasketi mpya, nati za shaba nyeupe au zilizopakwa shaba. Paka grisi ya shaba kwenye hesi, tena si nyingi. Stadi ishuke kwa vidole, ikifika mwisho inatosha.

Ekzosi ifungwe mbele kwanza huku bolti ya nyuma kwenye fremu ikiwa imelegea. Ukianza na ya nyuma, bomba zima linaivuta stadi kwa upande mchana kutwa, na barabara zetu zenye matuta zitamalizia. Kaza nati kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, kiasi cha Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 kwa M6 au Nm 20 kwa M8. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kingine, fuata kitabu. Ndipo ukaze ya nyuma.

Dereva arudi baada ya siku mbili, asubuhi kabla hajaiwasha, nati ziguswe tena kwa spana. Gasketi huwa imelala kidogo. Na akija kaiosha kwa maji ya kisima, msalimie tu.