Mwaridi mwekundu unaohimili baridi ya Kanada

Ukitafuta mwaridi mwekundu wa bustani ya Ottawa au Winnipeg, kabla ya kuvutiwa na ua ulizia mizizi. Miwaridi mingi ya madukani imebebeshwa juu ya mizizi ya mwaridi wa aina nyingine. Baridi ikiua sehemu ya juu, kinachochipua baadaye ni ule wa chini, na mwenye bustani hubaki akishangaa mbona maua si yale aliyoyanunua. Chukua mche uliooteshwa kwa mizizi yake wenyewe. Huo hata ukikauka hadi usawa wa ardhi, utakaochipua ni uleule.

Mimi hupendekeza Champlain. Ni mmoja wa miwaridi ya kundi liitwalo Explorer, iliyozalishwa na Felicitas Svejda, mtafiti wa kilimo wa serikali huko Ottawa, ambaye alitaka miwaridi isiyohitaji kufunikwa wakati wa baridi. Huu ulitolewa mwaka 1982. Hufikia kama mita moja, na hutoa maua mekundu yaliyokoza kwa vipindi tangu Juni hadi jalidi ianze. Harufu yake ni hafifu. Anayependa manukato atafute aina nyingine.

Panda Mei, penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Chimba shimo pana, changanya udongo na mboji iliyoiva. Maji yakituama hapo, hamia kwingine kabisa. Mwagilia shinani, asubuhi, kwa kuwa majani yanayolala na maji hukaribisha ugonjwa wa madoa meusi.

Makosa makubwa hufanyika Agosti. Watu huona kichaka kinapendeza, wanaongeza mbolea, nacho kinatoa machipukizi mororo ambayo baridi huyakuta hayajakomaa. Mbolea ikome mwanzoni mwa Agosti. Septemba acha kukata maua yaliyonyauka, ili mmea ufunge mbegu na utulie. Endelea kumwagilia hadi ardhi iwe karibu kuganda.

Usipogoe vuli, kabla ya baridi. Ngoja baridi ipite na macho ya matawi, yaani yanapoanzia machipukizi, yavimbe, kisha kwangua gome kwa ukucha: likiwa kijani chini yake, tawi li hai, likiwa kahawia, teremka hadi ukate palipo peupe ndani. Na kama matawi yote ni makavu, usikimbilie jembe. Subiri hadi katikati ya Juni ndipo uamue kung'oa.