Viatu na kliti kwa mwenye baiskeli zaidi ya moja

Kama una baiskeli ya lami ya kwenda Uyole hadi Tukuyu, mkoani Mbeya, na nyingine ya njia za udongo kuelekea Kitulo, jozi moja ya viatu inatosha. Kwenye baiskeli zote mbili funga pedali zinazoshika kliti ya aina moja, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya soli ili kushikana na pedali.

1. Chagua kliti inayofungwa kwa bolti 2, achana na ya bolti 3. Kliti za bolti 3, kama SPD-SL ya Shimano na Keo ya Look, ni za plastiki na huchomoza chini ya soli. Ukishuka kusukuma kwenye changarawe zinalika upesi, tena kliti ya moja haiingii kwenye pedali ya nyingine. Kliti ya bolti 2 ya SPD (aina nyingine ya Shimano) ni ya chuma na imezama ndani ya soli, kwa hiyo unatembea kama kawaida. Kwa barabara zetu sioni sababu ya kuchagua nyingine.

2. Kiatu. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa au Mlandege, geuza kiatu kwanza utazame soli: je, kina matundu ya bolti 2? Ingiza bolti ya M5 kwa mkono kuona kama nyuzi za ndani zimeshika kutu. Jaribu ukiwa na soksi nene, maana kwa baridi ya Juni na Julai utazihitaji.

3. Kliti. Tumia iliyokuja na pedali, kwani kliti za bolti 2 za watengenezaji tofauti mara nyingi haziingiliani. Kwa Shimano, kliti ya SH51 huachia ukizungusha kisigino kwenda nje. SH56 huachia kwa pande nyingi, inamfaa anayeanza.

4. Pedali. Ya kushoto hukazwa kwa kuizungusha kinyume cha saa. Paka grisi kwenye nyuzi.

5. Mahali pa kliti. Papasa mfupa uliochomoza nyuma ya dole gumba na ule wa nyuma ya kidole cha mwisho, uweke alama kwenye kiatu. Katikati ya kliti ikae kati ya alama hizo. Kwa vilima virefu irudishe nyuma milimita chache, mashavu ya miguu hayatachoka sana. Kaza bolti kwa zamu, kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, hadi Nm 5 au 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

6. Mpira wa soli na pedali. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima. Kiatu kinaingia vizuri kwenye baiskeli ya lami, lakini kwenye ya milimani kinagoma, au kinaingia na kisigino hakichezi. Wengi hulegeza springi ya pedali inayoshika kliti, halafu wakisimama kupanda Mlima Nyoka mguu unachomoka. Springi mara nyingi haina kosa. Pedali ya milimani yenye fremu pana huugusa mpira wa soli kabla kliti haijakaa, ilhali pedali ndogo ya lami haiugusi.

Paka fremu ya pedali unga wa chaki, ingiza kiatu, zungusha kisigino kulia na kushoto, kisha toa. Chaki nyepesi pande zote mbili ni sawa, maana mpira ukigusa kidogo kiatu hakiyumbi. Chaki nzito, hasa upande mmoja, maana yake mpira unabana. Kata hapo kwa wembe mkali, tabaka jembamba kila mara, ujaribu tena. Usifike kwenye bamba gumu la soli. Mpira ukiwa bado mrefu pande zote, weka chini ya kliti kibamba cha kuinulia cha milimita 1, ambacho ni afadhali kuliko kukata sana. Usikitengeneze kwa plastiki ya dumu: inabonyea na bolti zinalegea. Ukiweka vibamba viwili utahitaji bolti ndefu zaidi.

Kiatu kikikubali pedali pana, kijaribu tena kwenye ile ndogo. Kikiyumba, umekata kupita kiasi, na mpira haurudi.

7. Springi na siti. Pedali ya pande mbili ina springi kila upande, yaani skrubu 4 za kukazia kwa kila baiskeli. Anza na zilizolegea kabisa, kaza zote kwa hesabu ileile ya mibofyo, na uweke hesabu hiyohiyo kwenye baiskeli nyingine. Siti ipime ukiwa umeshusha chini krenki (mkono unaobeba pedali), kutoka pedali hadi juu ya siti. Ukipimia kutoka kwenye ekseli ambayo krenki huzungukia, tofauti ya krenki ya milimita 170 na ya 175 itakupita.

Kaza bolti tena baada ya safari ya kwanza. Tope la Rungwe likikauka kwenye kichwa cha bolti, lichokoe kwa sindano kabla ya kuingiza alenkii. Alenkii isipozama hadi mwisho hula kichwa, na bolti hiyo itatoka kwa kutobolewa tu.