Sufuria ya kupikia bia nyumbani: anza na ndoo, ndipo uende dukani

Sufuria yangu ya kwanza niliinunua kwa kusoma namba. Maelekezo yalisema bia ya galoni 5, sufuria imeandikwa galoni 5, nikalipa nikaondoka. Jioni ile togwa ilipokaribia kuchemka, povu lilipanda kama la maziwa, likamwagika jikoni na kugandia kwenye plate. Nyumba ilinuka sukari iliyoungua siku mbili. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kama kwetu Marangu nako mbege inapikwa hivi.

Togwa ndivyo ninavyoyaita maji matamu ya kimea kabla hayajatiwa chachu. Hapa Minnesota wana jina lao, mimi hili linanitosha.

Hatua ya 1: Amua unataka bia kiasi gani

Maelekezo mengi ya Marekani ni ya galoni 5, sawa na lita 19, karibu debe moja. Ukiweka kwenye chupa za kawaida za huku unapata kama hamsini. Sheria ya taifa iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 kwa mwaka bila kodi, ili mradi huuzi. Majimbo nayo yana yake, na kama unasoma ukiwa nchi nyingine, ulizia sheria ya huko kwanza.

Ukiwa unakaa fleti yenye jiko dogo, pika galoni 1 tu. Sufuria ya lita 8 uliyonayo kabatini inatosha, na huna haja ya kuendelea kusoma.

Hatua ya 2: Piga hesabu kutoka kwenye ndoo kurudi kwenye sufuria

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani lita 19 za bia ni lita 19 za togwa, wakati njiani kuna upotevu. Tuchukue mfano wa lita 19 ndani ya ndoo, ile ambamo togwa huchachukia ikishapoa:

- Mashapo ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na protini yanayobaki chini ya sufuria: lita 1.5. Tumefika 20.5.
- Togwa inayochemka hunywea kama asilimia 4 ikipoa. Kwa hiyo ikiwa ya moto inatakiwa iwe kama lita 21.5.
- Mvuke: kwenye sufuria ya kawaida ya nyumbani, saa moja ya kuchemsha huondoa lita 3 hadi 4. Tuseme 3.5. Tumefika 25.

Lita 25 ndicho kiasi kinachokuwa ndani ya sufuria moto unapokolea, na bado hujaliachia povu nafasi. Protini za kimea zinapoanza kushikana, povu huja ghafla, dakika ambayo umegeuka kuchukua simu. Acha nafasi ya lita 5 angalau. Basi sufuria ya lita 30 ndiyo ya chini kabisa, na ya lita 38, galoni 10, ndiyo ya kupikia huku moyo umetulia.

Kama unatumia kimea cheupe cha pilsner, wengi huchemsha dakika 90, mfuniko ukiwa wazi, ili harufu inayofanana na mahindi ya kopo itoke na mvuke. Hapo ongeza lita 2 za kuanzia.

Hatua ya 3: Angalia unapikaje

Anayetumia kimea kilichokwisha kukamuliwa, kile cha sharubati nzito au unga, anaweza kuchemsha lita 10 hadi 12 tu kisha akajazia maji safi yaliyopoa kwenye ndoo. Kwake sufuria ya lita 19 inafaa. Ile yangu iliyomwagika ingenifaa kabisa kama ningepika hivyo.

Anayeloweka nafaka kwenye mfuko ndani ya sufuria hiyohiyo ana hesabu nyingine. Kilo 5 za kimea kilichosagwa huchukua nafasi ya lita 3 na kitu hata vikiwa vimelowa. Machicha nayo huondoka na maji: ukikamua mfuko vizuri, kama lita 3.5. Kwa hiyo unaanza na maji lita 28.5, ukitia nafaka sufuria inafika 32. Ya lita 30 imeshakushinda. Huyu anunue ya 38, asibishane.

Hatua ya 4: Uliza moto wako kwanza

Sufuria kubwa juu ya jiko dogo ni hasara. Majiko mengi ya ndani hayawezi kuchemsha lita 25 zikatokota sawasawa. Utasubiri saa nzima upate mapovu mawili matatu. Mimi nilihamia nje na jiko la gesi ya mtungi. Usiliwashe jiko la namna hiyo ndani ya nyumba wala gereji iliyofungwa, hata nje kukiwa na theluji. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kumbuka uzito pia: togwa lita 25 inapita kilo 25, bado sufuria, na ni ya moto. Tafuta yenye bomba chini, usije ukainyanyua.

Hatua ya 5: Umbo na madini

Sufuria pana sana hupoteza maji mengi. Nyembamba na ndefu mno huchelewa kuchemka. Napenda ile ambayo upana na kimo havipishani sana. Yenye kipenyo cha sentimita 36 ina raha yake: kila sentimita ya kimo ni karibu lita moja, unapima kwa mwiko ulioutia alama.

Alumini ni rahisi na inashika moto haraka. Chuma kisichoshika kutu ni ghali ila unasugua utakavyo. Baada ya sikukuu ya Shukrani ya hapa Marekani, ambapo huliwa bata mzinga, zile seti za kukaangia bata mzinga hushuka bei: sufuria ya alumini ya lita 28 pamoja na jiko lake. Ni ndogo kidogo kwa hesabu yetu, lakini ukipunguza togwa na kukaa nayo karibu, inakwenda.

Hatua ya 6: Ijaribu na maji

Alumini mpya ichemshe na maji matupu mpaka ndani ipauke rangi ya kijivu. Hiyo ndiyo kinga yake, usiikwangue. Kisha tia lita 20, subiri zitokote, chovya mwiko uweke alama. Acha saa moja bila mfuniko, chovya tena. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo mvuke wa sufuria yako kwenye moto wako. Iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye mpini wa mwiko, maana karatasi yangu ililowa siku ya kwanza.